Kadmos, meno ya joka na mihuri ya buluu: mji wa Thebes ulianzaje?

*Swali: Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari. Mwaka huu kidato cha tano wanaandaa igizo la Mfalme Oedipus, na nimeombwa niandike ukurasa mmoja wa historia ya mji wa Thebes uwekwe kwenye kijitabu cha onyesho. Hapo ndipo nilipokwama. Nimesoma kwamba mji uliasisiwa na Kadmos, mwana wa mfalme wa Foinike (pwani ya Lebanon ya leo), aliyeua joka akapanda meno yake. Kwingine nimesoma kwamba mwaka 1963 ilichimbuliwa huko mihuri kutoka mashariki, na kwamba huo ndio ushahidi kuwa Kadmos alikuwepo kweli. Mwenzangu wa somo la historia anasema hayo yote ni porojo, nisiwapotoshe watoto. Mwingine anashikilia kuwa Thebes ni mji wa Misri, kwa hiyo mwasisi wake ni Mwafrika. Na juu ya yote, mdogo wangu anayefanya kazi Athens ameonyeshwa muhuri mdogo wa buluu. Mwenye nao anasema umetoka Thebes na anautaka euro 600. Mdogo wangu anauliza kama anunue, tuuonyeshe siku ya igizo. Niandike nini, na nimjibu nini?*

Mwalimu, nianze na la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Mpigie mdogo wako leo hii, mwambie asitoe hata senti moja. Sababu nitazieleza nikifika huko. Hayo mengine tuyaendee polepole, maana hayajibiki kwa ndiyo au hapana.

Ninavyokuelewa, unaogopa kuandika kisasili kana kwamba ni tarihi, na papo hapo unaogopa kukitupa kisasili ambacho udongo wenyewe unaelekea kukiunga mkono. Woga wote huo una haki yake. Wewe unafundisha fasihi simulizi, tanzu zake unazijua kuliko mimi. Mwenzako wa historia anakosea anapodhani kwamba kisichokuwa tarihi ni porojo. Na walioandika kuhusu mihuri wanakosea wanapodhani kwamba chochote kikitoka ardhini kimeshakubaliana na hadithi.

La Misri tulimalize upesi. Miji hiyo ni miwili. Ule wa Misri, ambao leo ni Luxor, Wamisri wenyewe waliuita Waset. Jina la Thebes walilibandika Wagiriki. Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, anautaja kuwa wenye malango mia, na ule wa Ugiriki kuwa wenye malango saba. Oedipus, Antigone na Kadmos ni watu wa malango saba. Mji wao bado upo. Kwa Kigiriki cha leo unaitwa Thiva, uko katika mkoa wa Boeotia, kilomita kama 50 kaskazini-magharibi mwa Athens ukipima kwa mstari ulionyooka, na watu wanaishi juu ya kilima kile kile cha kale kiitwacho Kadmeia. Huwezi kubomoa mji wa watu ili uchimbe jumba la mfalme, kwa hiyo Thebes ya kale inajulikana vipande vipande: kiwanja kimoja hapa kabla nyumba haijajengwa, mtaro mmoja kule.

Sasa hadithi yenyewe, maana wanafunzi wako wataihitaji nzima. Agenor alikuwa mfalme wa Tiro, au wa Sidoni kwa wasimulizi wengine, miji ile ile unayoisoma katika Biblia. Alikuwa na binti, Europa. Zeus, mkuu wa miungu, akajigeuza fahali, akambeba mgongoni, akavuka naye bahari. Agenor akawatuma wanawe wamtafute dada yao na wasirudi bila yeye. Kadmos alitafuta hadi akachoka, akaenda kwenye hekalu la Delphi kumuuliza mungu Apollo. Jibu alilopewa ni la ajabu: acha kumtafuta, mfuate ng'ombe utakayekutana naye, na pale atakapochoka akalala, jenga mji. Akamfuata hadi Boeotia, jina ambalo Wagiriki walilisikia lina *bous* ndani yake, yaani ng'ombe. Akataka kumtoa ng'ombe huyo sadaka kwa mungu wa kike Athena, akawatuma wenzake wakateke maji, na joka la Ares, mungu wa vita, lililolinda chemchemi likawaua. Kadmos akaliua joka. Athena akamwambia apande meno yake, na pale alipoyapanda wakaota watu wenye silaha mikononi. Akatupa mawe katikati yao, kila mmoja akadhani ni mwenzake aliyemrushia, wakauana mpaka wakabaki watano: Echion, Oudaios, Chthonios, Hyperenor na Peloros. Hao ndio Spartoi, maana yake "waliopandwa", na koo za wakubwa wa Thebes zilijihesabu kuwa uzao wao.

Hapa naomba usimame na wanafunzi wako, maana kiini kiko hapa. Mwasisi ni mgeni wa ng'ambo, mwenye hadhi ya kutoka mbali, aliyeongozwa na mungu. Lakini wenye mji si wageni hata kidogo: wameota kwenye udongo wa hapo hapo kama mtama. Hata majina yao yanasema hivyo, kwa kuwa Chthonios ni "wa ardhini" na Oudaios ni "wa udongoni". Kisha Echion anamwoa Agave, binti wa Kadmos, na mgeni na mwenyeji wanakuwa ukoo mmoja. Hadithi inajibu maswali mawili kwa mpigo: fahari yenu imetoka wapi, na ardhi hii ni ya nani? Jibu ni kwamba fahari imevuka bahari, na ardhi ni yetu tangu mbegu.

Sisi wa pwani hili halituwii geni. Habari za Kilwa zinamtaja Mshirazi aliyekuja kwa chombo, akakipata kisiwa kwa nguo, akamwoa binti wa mwenyeji. Na waliochimba Kilwa Kisiwani walikuta makazi ya wenyeji yaliyotangulia majengo ya mawe. Hadithi hizi mbili hazikurithiana wala hazikujuana, lakini zina kazi moja, na mwanafunzi aliyekwisha kuisikia ya Kilwa ataielewa ya Kadmos haraka kuliko mwanafunzi wa Ulaya.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule huliruka: Thebes ilikuwa na hadithi mbili za mwanzo. Odyssey, utenzi wa Homer, inasema waliouasisi mji wa malango saba ni Amphion na Zethos, wana wa Zeus na Antiope. Zethos alibeba mawe kwa nguvu za mabega. Amphion akapiga kinubi, na mawe yakamfuata yenyewe, yakajipanga ukutani. Zethos akamwoa Thebe, na mji ukachukua jina la mkewe. Kadmos naye yumo katika Odyssey, lakini anatajwa kama baba wa Ino, na hakuna neno kwamba alijenga mji wowote. Watu wa baadaye walipoona waasisi wamezidi, wakawagawia kazi: Kadmos alijenga ngome ya juu, Kadmeia, na ndugu wale wawili wakajenga mji wa chini. Msafiri Pausanias, katika karne ya 2 B.K., anasimulia hivyo hivyo. Mimi nikiona waasisi walioungwaunga namna hii, nasadiki kwamba kila hadithi ilikuwa na wenyewe kabla ya kutiwa chungu kimoja.

Tena angalia ni nani anayetusimulia. Oedipus aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake, wanawe Eteokles na Polyneikes waliouana langoni, Pentheus aliyeraruliwa na mama yake mzazi: visa hivi vimetufikia zaidi kupitia majukwaa ya Athens. Athens na Thebes walikuwa majirani wasiopatana. Waajemi walipovamia mwaka 480 K.K., Thebes iliishia upande wao, na Waathens hawakulisahau hilo. Mwaka 431 K.K. askari wa Thebes waliingia usiku katika mji wa Plataia, rafiki wa Athens, na vita kuu ya Athens na Sparta ikaanzia hapo. Kwa hiyo mtu wa Athens aliyeketi kutazama nyumba ya kifalme ya Thebes ikijimaliza yenyewe alikuwa anatazama aibu ya jirani. Mshairi Pindar, mwana wa eneo la Thebes, anaimba mambo mengine kabisa: harusi ya Kadmos na Harmonia, ambako miungu walikuja kula karamu na binadamu. Ningependa sentensi moja kuhusu hili iwemo kwenye kijitabu chako, kwamba igizo watakaloliona liliandikwa na watu wa mji mwingine, yaani Athens.

Tuje kwenye mihuri. Mwaka 1963 Nikolaos Platon na Evi Touloupa walikuwa wanachimba juu ya Kadmeia, katikati ya nyumba za watu. Ndani ya mabaki ya jumba la kifalme lililoteketea kwa moto walikuta hazina ya vito vya dhahabu, akiki na lapisi lazuli, na katika hiyo kulikuwa na mihuri ya kubingirisha ya lapisi lazuli zaidi ya 30.

Muhuri wa namna hii ni mche duara mdogo, unaolingana na pingili ya kidole, uliotobolewa katikati kwa urefu ili upitishwe uzi. Ukiutazama hivi hivi kwenye kabati la kioo huoni jambo kubwa, ni mikwaruzo tu juu ya jiwe la buluu iliyokolea, lenye chembechembe za kumetameta kama dhahabu. Siri yake iko kwenye udongo. Ubingirishe juu ya udongo mbichi, na picha inafunguka kama mkeka unaokunjuliwa: miungu, wanyama, watu wanaosali, na pembeni safu za maandishi ya kabari, yaani alama zenye umbo la kabari. Mmojawapo una jina la mwenyewe. Anaitwa Kidin-Marduk, ofisa wa mfalme Burna-Buriash wa Babeli, karne ya 14 K.K. Lapisi lazuli ya zama hizo ilichimbwa kwenye milima ya Badakhshan, Afghanistan ya leo. Basi jiwe limetoka Afghanistan, likachongwa Babeli, likaja kuzikwa na moto huko Boeotia.

Unaweza kuelewa shangwe ya wakati ule. Kilima kina jina la Kadmos, hadithi inasema Kadmos alitoka mashariki, na hii hapa mali ya mashariki imelala kilimani pake. Wengi waliandika kwamba kitendawili kimeteguliwa.

Lakini uliza swali moja tu: Foinike iko wapi hapo? Mihuri mingi ni ya Babeli na nchi jirani zake, mingine ya Kupro. Umri wake haulingani. Mingine ilikuwa na mamia ya miaka tayari siku jumba lilipoungua, na mingine ilikwisha kuchongwa upya juu ya michoro ya zamani. Edith Porada, bingwa wa mihuri aliyeichambua, aliona kwamba ile ya Babeli ina uzito unaokaribia mina moja, kipimo cha zamani cha kama nusu kilo, akapendekeza kwamba ilikuwa zawadi ya mfalme wa Ashuru, Tukulti-Ninurta wa Kwanza, aliyekuwa ameiteka Babeli. Si kila mtaalamu anakubali, ila wazo lenyewe linatufunza jambo. Shehena ya namna hii yaweza kusafiri kwa mkono wa mjumbe, bila mwasisi wala ukoo wake kuhama. Tena ilikutwa pamoja na mali ya mafundi wa vito. Kwa fundi wa Thebes lile lilikuwa jiwe zuri la buluu la kuchongea ushanga, na huenda hakujua kusoma hata alama moja ya yale maandishi.

Watu wakihama kweli huhama na mambo yasiyo na thamani: chungu cha kupikia, namna ya kumlaza maiti, namna ya kupanga mawe ya jiko. Kadmeia ilikaliwa tangu milenia ya 3 K.K., na katika tabaka zake haijapatikana sehemu ambapo maisha ya wenyeji yanakatika na kushika sura ya mji wa Foinike. Vyungu ni vya kwao, makaburi ni ya kwao, jumba ni la mtindo wa Mycenae, yaani wa Wagiriki wa enzi hiyo.

Kilichokuwepo ni njia ya baharini. Karibu na Uluburun, pwani ya kusini ya Uturuki, ilikutwa mwaka 1982 meli iliyozama mwishoni mwa karne ya 14 K.K. Ilikuwa imebeba takriban tani 10 za shaba, tani moja ya bati, vipande vya kioo cha buluu, pembe za ndovu na magogo meusi ya mpingo wa Afrika. Kwa vitu vyao binafsi, mabaharia wake wengi wanaaminika walikuwa watu wa pwani ya Kanaani, yaani mababu wa wale ambao Wagiriki waliwaita Wafoinike. Watu hawa walifika. Waliuza, walinunua, wengine labda walibaki na kuoa. Hii ndiyo chembe ya ukweli niliyo tayari kuisimamia ndani ya hadithi ya Kadmos, na sioni kuwa ni chembe ndogo.

Linabaki suala la herufi, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 K.K., anasema Wafoinike waliokuja na Kadmos ndio walioleta herufi Ugiriki, na kwamba yeye mwenyewe aliona maandishi ya kale ya Kadmos kwenye vyombo vya shaba katika hekalu la Apollo mjini Thebes. Kuhusu asili, amepatia. Mtoto aliyepita madrasa ataliona hili bila kufundishwa: alifu, be, kwa Kifoinike alef, bet, kwa Kigiriki alpha, beta. Ni mstari mmoja unaosomwa kutoka Tiro hadi Athens, na kutoka Makka hadi Lamu.

Ila wakati haukubali. Maandishi ya kale kabisa ya Kigiriki kwa herufi hizo ni ya karne ya 8 K.K. Jumba la Thebes liliteketea karibu mwaka 1200 K.K. Katikati kuna miaka mia nne. Alichokiona Herodotus hekaluni, kwa maelezo yake mwenyewe, kilifanana sana na herufi za Wagiriki wa Ionia, kwa hiyo hakiwezi kuwa cha enzi ya jumba lile.

Na jumba lile halikuwa halijui kuandika! Mwaka 1993, mtaro wa bomba la maji ulipochimbwa katika mtaa wa Pelopidou, kilitokea kibao cha udongo chenye maandishi, na uchimbaji uliofuata ukatoa zaidi ya 200. Ni mwandiko ambao wataalamu wanauita Linia B, uliosomwa kwa mara ya kwanza na Michael Ventris mwaka 1952, na lugha yake ni Kigiriki cha zamani sana. Hauna herufi moja moja. Kila alama ni silabi: da, de, di, do, du. Ndiyo ile ile ba-be-bi-bo-bu tuliyoimba darasa la kwanza. Kwa Kigiriki, chenye konsonanti zinazobanana, mwandiko huu ulikuwa wa taabu, na waandishi walilazimika kutia irabu katikati kama sisi tunavyofanya tukisema kilabu au burashi. Chombo cha miguu mitatu, *tripous*, kiliandikwa ti-ri-po. Mji wa Knossos ukawa ko-no-so. Na Thebes yenyewe ikaandikwa te-qa. Kiswahili kingeandikika kwa mwandiko huo kwa taabu ndogo zaidi.

Vibao hivyo, na lakiri zilizopatikana kabla yake, havimtaji mwasisi yeyote wala joka. Lakiri zilizopatikana mwaka 1982 ni madonge madogo ya udongo yaliyobanwa kwenye uzi, yakagongwa muhuri, na mengi yakachorwa alama ya mnyama: kondoo, mbuzi, nguruwe, ng'ombe. Baadhi yana majina ya Karystos na Amarynthos, sehemu za kisiwa cha Euboea. Wanyama waliswagwa hadi jumbani, na karani akahesabu. Huyo ndiye mtu wa kwanza wa Thebes tunayeweza kumkaribia kwa uhakika: mtu ameketi anahesabu mbuzi wa watu.

Nikudokeze jambo la lugha, kisha nalo uliweke kwenye daraja lake. Wako wataalamu wanaolihusisha jina Kadmos na mzizi wa Kisemiti q-d-m, wenye maana ya mbele, mashariki na kale, na Europa na mzizi wa kutua kwa jua. Mzizi wa kwanza unao mdomoni kila siku: mbele ya kadamnasi, na -kadimu kwa maana ya -a kale. Wa pili unausikia katika magharibi. Kwa hesabu hiyo, Mashariki alitoka kwenda kumtafuta Magharibi. Ni tafsiri tamu sana, na utamu wake unanitia hadhari. Wengine wanalipa jina hilo asili ya Kigiriki chenyewe, kwenye kitenzi cha kung'ara. Liseme darasani, usilichape kijitabuni kama hakika.

Rafiki yako wa historia huenda akauliza kisasili kina faida gani kwake. Mpeleke Mantineia, mwaka 362 K.K. Miaka tisa kabla yake, kule Leuktra, jemadari Epaminondas wa Thebes alikuwa ameipiga Sparta kwa kupanga askari wa ubavu wake wa kushoto safu 50 kwenda nyuma. Kati ya Wasparta kamili 700 waliokuwepo, 400 walikufa pamoja na mfalme wao Kleombrotos. Kisha akaingia hadi nchi yao na kuwakomboa watu wa Messenia, waliokuwa watumwa wa Sparta kwa vizazi vingi. Huyu aliuawa vitani Mantineia akazikwa pale pale. Pausanias aliliona kaburi: nguzo, na juu yake ngao yenye joka lililochongwa. Anaeleza kwamba joka lile lilionyesha kuwa Epaminondas alikuwa wa ukoo wa Spartoi. Kwa hiyo karne nyingi baada ya jumba kuungua, meno ya joka yalikuwa bado ni nasaba hai, iliyobebwa kwenye ngao na kaburini. Asiyekijua kisasili hicho hawezi kuisoma nguzo ile.

Yaliyofuata ni ya huzuni. Philip wa Makedonia, aliyekaa Thebes ujanani kama mateka, aliishinda Thebes na Athens pamoja kule Chaironeia mwaka 338 K.K. Mwaka 335 K.K. Thebes ikaasi, na Alexander, mwanawe, akaibomoa. Wanahistoria wa kale wanataja watu 6,000 waliouawa na 30,000 waliochukuliwa na kuuzwa. Akaamuru nyumba ya Pindar iachwe. Karibu mwaka 316 K.K. Kassandros, mtawala wa Makedonia, akaujenga tena, na miji mingine ya Wagiriki ikachangia, lakini haukurudi kuwa kama ulivyokuwa. Pausanias alikuta watu wanaishi juu ya ngome tu, kule chini pakiwa patupu isipokuwa mahekalu.

Kwa ukurasa wako ningeandika hivi, nawe urekebishe upendavyo: *Watu wa Thebes walisimulia kwamba mji wao uliasisiwa na Kadmos kutoka Foinike, na kwamba koo zao kubwa ziliota kutokana na meno ya joka. Wengine walisema waasisi ni Amphion na Zethos. Uchimbaji unaonyesha kwamba kilima chao kilikaliwa tangu milenia ya 3 K.K., kwamba kulikuwa na jumba la kifalme lililoandika Kigiriki kwenye vibao vya udongo, na kwamba mali ya mashariki ilifika humo kwa bahari. Herufi za Kigiriki zilitoka Foinike kweli, lakini karne kadhaa baada ya jumba kuungua. Igizo hili lilitungwa Athens, mji uliokuwa hasimu wa Thebes.* Hapo hujampotosha mtoto yeyote, na hujamnyima joka lake.

Narudi kwa mdogo wako. Muhuri ule una njia tatu, na zote ni mbaya. Waweza kuwa wa bandia, kioo au jiwe lililotiwa rangi, na kwa macho au kwa picha ya simu hata mimi siwezi kukuhakikishia. Waweza kuwa wa kweli na umeibwa Ugiriki. Sheria ya nchi hiyo nambari 3028 ya mwaka 2002 inalinda mambo ya kale, na kuyatoa nje ya nchi bila kibali ni kosa la jinai. Au waweza kuwa wa kweli na umetoka Iraq, ambako maelfu ya mihuri kama hiyo iliibwa katika makumbusho ya Baghdad mwaka 2003. Na tuseme ni halali kabisa: muhuri uliong'olewa mahali pake haumwambii mtu lolote kuhusu Thebes. Ile ya 1963 ina maana kwa sababu tunajua ilikuwa chumba gani, chini ya moto gani, kando ya vitu gani.

Kama bado hajautia mkononi, aachane nao. Kama keshaupokea, asiuoshe, asiusugue, asiutume kwa posta wala asiutie kwenye sanduku la safari. Hapo maneno yangu ya mbali hayatoshi: kwanza aende kwa mwanasheria wa huko Athens, kisha waupeleke pamoja kwenye ofisi ya serikali ya mambo ya kale. Yeye ni mgeni katika nchi ya watu, asiende peke yake. Na akitaka kuiona mihuri ya kweli, apande treni hadi Thiva siku moja, aingie kwenye makumbusho ya mji. Akitoka ateremke hadi Lango la Electra, ambako misingi ya minara miwili ya mviringo bado ipo, akupigie picha.

Kwa onyesho lenu, chukua chaki nzima, uivunje vipande vitatu. Tayari una miche duara. Wape wanafunzi sindano wachonge joka, ng'ombe na kinubi, wakikumbuka kwamba kila kitu kitatokea kimegeuka kushoto kulia. Kisha mpe kila mgeni anayeingia kipande cha udongo wa mfinyanzi, abingirishe muhuri mwenyewe mlangoni.